Chumba cha Ndani cha Tovuti Yangu ya Kwanza

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie namna ya kuanza tovuti ya kwanza, kwa vile kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na minne na mwaka huu nimeiacha. Nadhani alitaka niwatie moyo. Nimekaa dirishani nyumbani kwa mamangu, Mji wa Kale wa Mombasa, nimeandika mwanzo mara tatu, na kila mara mkono umenirudisha kwenye Jumamosi moja ambayo nilikosea kuandika hata jina langu mwenyewe. Basi nitawaeleza Jumamosi hiyo. Moyo mtajitia wenyewe.

Mimi ni Rukia. Shule niliishia kidato cha nne, na tangu hapo sikuwahi kutulia mahali. Nimeuza vitambaa, nimemsaidia shangazi yangu kufundisha madrasa, nimepokea simu katika kampuni ya malori kule Shimanzi. Baadaye, nilipoijua kazi hii, nilizunguka nayo Lamu, Malindi, Tanga na Unguja, kompyuta mkobani. Kila nilipotimiza mwezi wa tatu ugenini nilianza kuisikia harufu ya uchochoro wetu, udi na samaki wa kukaanga, nikarudi. Nikisharudi naona wamebadilisha rangi ya mlango fulani, nakasirika, naondoka tena. Sasa nina miaka arubaini na tano. Macho yamechoka, kifundo cha mkono wa kulia kinauma hata nikikoroga chai, na wasichana wa leo wanatengeneza tovuti kwa simu huku wakila viazi karai. Nimeona nikae.

Kompyuta nilifundishwa na Katana, fundi wa mitambo pale kwenye kampuni ya malori. Alikuwa Mgiriama mrefu, mpole wa mwendo na mkali wa ulimi. Wakati wa chakula cha mchana, simu yangu ya mezani ikiwa hailii, alikuwa akinionyesha kurasa zinavyoandikwa kwa mkono, mstari kwa mstari. Nyinyi siku hizi mwachagua tu umbo lililo tayari na kubadilisha rangi. Sisi tulikuwa tukisahau alama moja ndogo, maandishi yote chini yake yanakuwa mekundu, na hujui kosa liko wapi hadi usome tena kutoka juu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

Siku nilipolipia jina la tovuti yangu ya kwanza, nilikwenda posta siku tatu mfululizo kutazama kama limefika. Nilidhani litakuja kwa bahasha, na muhuri juu yake, kama cheti cha kuzaliwa. Siku ya nne nikampigia Katana.

"Dada, umenunua jina, hukununua pikipiki," akaniambia. "Hakuna kitabu cha umiliki kitakacholetwa. Jina liko tayari, lakungoja wewe."

"Liko wapi?"

"Haya, hapo ndipo penye kazi."

Akanieleza kwamba jina ni anwani tu. Mafaili yako, yaani maandishi na picha, yanakaa kwenye kompyuta nyingine iliyo mbali, inayoitwa seva, ambayo haizimwi. Mtu akiandika jina, anaelekezwa kwenye seva, anafunguliwa ukurasa wa kwanza. "Ni kama nyumba," akasema. "Jina ni anwani, seva ni kiwanja, mafaili ni nyumba yenyewe."

Nilifurahi kusikia neno nyumba, kwa sababu nyumba nilizijua. Nimezaliwa katika nyumba ya mawe ambayo mgeni hukaa kwanza kwenye daka, pale penye viti vya mawe mlangoni. Akiwa mtu wa karibu, huingizwa sebuleni. Vyumba vya ndani haviulizwi. Mgeni wa kiume anaweza kuja kwenu miaka ishirini asijue vyumba vya ndani ni vingapi, wala rangi ya pazia. Nikajiambia, kumbe tovuti ni hiyo hiyo. Ukurasa wa kwanza ni daka. Kurasa zinazofuata ni sebule. Na kile ambacho sikukiwekea kiungo cha kubonyeza kiko ndani, hakuna atakayekiona.

Lishikeni hilo. Kosa langu lote liko hapo.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya Bi Zuhura, fundi wa kupaka hina. Aliishi Kibokoni, nyumba ya nne kutoka kwetu, na kwa miaka mingi hapakuwa na bibi harusi wa maana katika mitaa yetu ambaye mikono yake haikupita mapajani mwa Bi Zuhura. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vyeusi vya piko, ile rangi ya kuchorea maua, visivyotakata, na alikuwa akizungumza na hina kama mtu anavyozungumza na mbuzi mkaidi. Jamaa zake wa Maskati ndio waliomwambia kwamba mabibi harusi wa huko wanaorudi Mombasa kuolewa wangependa kuiona kazi yake kabla ya kufika. Akaja kwetu.

"Rukia, nasikia wajua kumweka mtu kwenye intaneti."

"Najifunza, Bi Zuhura."

"Basi jifunzie kwangu. Hata mimi hina nilijifunzia kwenye miguu ya watu, na wengine walikwenda kwa waume zao na miguu kama chui."

Alinisimulia maneno ya kuandika kuhusu yeye, nami nikaandika. Alianza kwa salamu, kisha dua, kisha babu zake watatu, kisha ugonjwa wa marehemu mumewe. Nilipomwambia watu wa intaneti hawasomi maneno mengi, alisema hao wasiosoma wasije kupakwa. Nikapunguza kidogo kidogo kila siku, naye akidhani ni yale yale. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi: mwenye tovuti hutaka kusema yote, msomaji hutaka kujua unapatikana wapi na wafanya nini, na wewe uko katikati.

Tovuti ilipokuwa tayari nikamwonyesha kwenye simu yake. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa nzuri. Kwenye simu, picha zilikatika kila upande. Bi Zuhura akaisogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Hawa wamekatwa vidole," akasema. "Atakayeona atadhani ndiyo kazi yangu."

Nikarudi nikaifanya upya. Tangu siku ile sikumpa mtu tovuti kabla ya kuitazama kwenye simu mbovu kuliko zote ninazoweza kuazima. Nanyi fanyeni hivyo.

Sasa nifike kwenye picha, na mniwie radhi nikienda polepole.

Nyinyi wa hapa mwajua kupamba, lakini huenda yuko miongoni mwenu aliyetoka mbali. Baada ya nikaha, wanawake hukusanyika siku yao, peke yao, na bibi harusi huletwa mbele yao amepambwa: nywele wazi, mabega wazi, dhahabu, maua, hina hadi viwikoni. Hakuna mwanamume anayekanyaga pale. Na tangu simu zilipoanza kupiga picha, mlangoni huwekwa kikapu, na mwanamke mmoja asiyejua aibu husimama nacho. Kila anayeingia huweka simu yake mle, awe shangazi au jirani au mke wa mkubwa. Picha hupigwa na mwanamke mmoja aliyekodiwa, na hupewa mama wa bibi harusi mkononi.

Simu moja tu haikuingia kikapuni, nayo ni ya Bi Zuhura. Walimwachia kwa sababu alikuwa akipiga picha za mikono na miguu, kumbukumbu ya kazi yake. Ila mabibi harusi ni wasichana. Akishamaliza mikono, mmoja atamwambia, "Bi Zuhura, nipige moja ya uso, nimtumie dadangu Maskati." Naye hupiga. Halafu picha hubaki, kwa sababu Bi Zuhura alijua kupiga na kutuma, kufuta hakujua.

Alinipa kadi ya simu yake, ndogo kama ukucha, imefungwa ndani ya leso. "Toa za mikono na miguu," akaniambia. "Hizo nyingine ziache zilipo." Nami ni mwanamke, jirani, hakuona ubaya.

Nilikuwa naweza kuchagua kwanza kwenye kompyuta yangu, nikapandisha kwenye seva zile ishirini nilizozihitaji. Lakini Katana alikuwa amenionyesha kwamba unaweza kuburuta folda nzima mara moja. Nilifurahia ule ufundi. Nikaburuta zote, zaidi ya mia mbili, nikijiambia kwamba nitachagulia hukohuko juu, kama mtu anayehamia nyumba mpya na kuweka masanduku yote chumba cha ndani kwanza. Na kabla ya hapo nilikuwa nimefuata somo jingine la Katana: usiache picha na namba za kamera, zipe majina yanayoeleweka. Nikazipa majina ya mabibi harusi ili nijue hina ni ya nani. Jina la msichana, jina la babake, na namba ya picha. Nilifanya kazi safi kabisa.

Kwenye kurasa nikaweka mikono na miguu tu. Nyuso zikabaki kwenye folda, bila kiungo. Ndani. Nikawasha tovuti siku ya Jumatatu, mamangu akapika kaimati, Bi Zuhura akaja kula.

Jumamosi, kiasi cha saa tatu asubuhi, Katana alinipigia. Hakunitania. Hapo hapo nikajua kuna jambo.

"Dada Rukia, ile folda yako ya picha uliifunga?"

"Haina kiungo. Haionekani."

Akasema, "Mimi niko nayo mbele yangu."

"Umeingiaje?" nikauliza.

"Nimeandika jina la tovuti, nikaongeza neno picha mwisho," akasema. "Nilikuwa napima tu, kama nipimavyo tovuti ya mtu yeyote. Seva ikinikuta naingia folda isiyo na ukurasa wake wa kwanza, inanipa orodha ya vyote vilivyomo. Nimeona majina. Sikufungua hata moja, wallahi. Nilipoona ni majina ya wasichana wa watu nikageuza uso. Njoo ofisini, hapa mtandao una nguvu. Uje na paswadi."

Kwenye tovuti, watoto wangu, hakuna chumba cha ndani. Kila chumba kina mlango wake barabarani. Usipoutia kufuli wewe, uko wazi, hata kama hukumwonyesha mtu njia.

Paswadi nilikuwa nimeiandika ndani ya jalada la daftari. Nikalitia daftari chini ya buibui kama mtu aliyeiba, nikachukua tuktuk. Karibu na Shimanzi malori yalikuwa yamefunga njia, yamesimama yamezima injini, madereva wamekaa chini wanakunywa chai. Nikashuka nikatembea katikati ya makontena. Kila mwanamume aliyekuwa na simu mkononi nilimtazama anachotazama. Mmoja alikuwa akicheka peke yake na simu yake. Nilisimama mbele yake hadi akaniuliza, "Dada, wanijua?" Nikampita. Nilikuwa najiuliza kama anamjua Maryam.

Kwa sababu Maryam ndiye aliyenijia kichwani. Alikuwa ameolewa miezi miwili nyuma, binti wa Bi Shufaa, nyumba yenye mlango wa kijani karibu na msikiti. Picha zake za uso zilikuwa kumi na moja, nyingi kuliko za yeyote, kwa kuwa dadake wa Maskati alitaka kumwona kila upande.

Katana alinipisha kiti, akageuka ukutani, akanipa mgongo. "Bonyeza wewe," akasema. "Mimi nitakuelekeza kwa maneno." Nilikosea jina langu mara mbili. Paswadi nikaikosea mara moja. Akanihesabia pumzi kama mkunga. Nikaifuta folda. Akaniambia nitafute nakala ya akiba ambayo seva hujitengenezea yenyewe, na kweli ilikuwepo, na picha zote zimo. Nikaifuta nayo. Halafu akageuka, akanionyesha jinsi ya kuizuia seva isitoe orodha tena, na jinsi ya kuweka ukurasa mtupu katika kila folda. Ni kazi ya dakika mbili. Nimeifanya katika kila tovuti tangu siku hiyo, kabla hata ya kuandika neno la kwanza.

Nilidhani yamekwisha. Katana akasema, "Sasa tusome daftari la seva."

Sikujua kama seva ina daftari. Ina, na mnapaswa kulijua. Kila anayefungua kitu, seva inaandika: saa ngapi, kitu gani, kwa kifaa cha aina gani. Tulisoma mstari kwa mstari. Wengi walikuwa ni mimi mwenyewe. Wengine walikuwa mashine za kutafutia, zile zinazopita kila mahali zikiorodhesha. Hizo zilikuwa zimefika kwenye folda, na Katana akanionyesha pa kuomba ziondoe zilichokiokota. Ilichukua siku tisa majina yale kutoweka. Siku zile tisa sikula chakula cha maana.

Kisha kidole cha Katana kikasimama.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mtu mmoja, kwa simu ya kugusa ya aina fulani ambayo wakati ule ilikuwa mpya. Alifungua folda. Akafungua picha ya kwanza ya Maryam, ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na moja. Hakugusa ya bibi harusi mwingine. Akaondoka.

"Huyu alikuwa akimtafuta yeye," nikasema.

"Au alikuwa amepewa jina lake na mtu," Katana akasema.

Njia mbili zilikuwa mbele yangu. Picha zimefutika, Katana si msemaji, na mimi naweza kunyamaza. Lakini picha zikitokea mahali, kwenye simu ya mwanamume fulani, barazani, watu watajiuliza zilitoka wapi, na jibu litakuwa moja tu. Simu zote zilikuwa kikapuni isipokuwa moja. Bi Zuhura hangefunguliwa mlango wa nyumba yoyote tena, na hangejua hata kwa nini. Na Maryam angekuwa ameachwa bila kuonywa.

Nikaenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa anachekecha hina. Nilimweleza nimesimama, kwa sababu sikuthubutu kuketi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Ni wa Shufaa peke yake?"

"Zilizofunguliwa ni za Maryam peke yake."

Akanawa mikono, akavaa buibui. "Twende."

"Sasa hivi?"

"Wataka nilale na hili?"

Salamu za kwetu mnazijua zilivyo ndefu. Sikuwahi kuziona ndefu kama siku ile. Bi Shufaa, mama yake Maryam, alituuliza hali, hali za nyumbani, mama hajambo, mguu wa mama, jirani aliyelazwa, na kila alichouliza tulikijibu al-hamdulillahi, na mimi jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni. Maryam alikuwepo, amekuja kumtembelea mamake, amekaa mkekani anachambua mchele. Alinitabasamia. Kahawa ikaletwa. Bi Zuhura hakugusa kikombe.

"Shufaa, tumekuja na jambo la aibu," akasema. "Aibu ni yangu, huyu ni mtoto."

"Si yake, ni yangu," nikasema, na nikaeleza. Nilieleza folda, orodha, saa, na hesabu ya picha. Aina ya simu sikuitaja. Sijui kwa nini. Labda niliona ni habari ya kifundi.

Bi Shufaa hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Simu yangu niliitia kikapuni," akasema. "Mimi, mama wa bibi harusi. Nikasimama pale kama mgeni, nikaitia. Yako, Zuhura, nikasema iacheni, huyu ni wetu."

Bi Zuhura akainamisha kichwa. Sikuwahi kumwona akiinama kwa mtu.

"Na ni nani huyo aliyetazama?" Bi Shufaa akauliza.

"Hatujui, mama," nikasema.

"Mume wake akisikia? Mama mkwe akisikia? Zuhura, mimi nitawaambia nini watu wale?"

Maryam akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye mchele. "Mwasema Alhamisi?"

"Alhamisi."

"Saa nne za asubuhi, picha kumi na moja?"

"Ndiyo."

"Ni mimi basi, mama."

Mamake akamgeukia. "Wewe?"

"Nilisikia Bi Zuhura ametiwa kwenye intaneti, nikataka kujiona. Nikabonyezabonyeza, zikatoka. Nilidhani ni Bi Zuhura amenifungulia mimi tu."

Kisha Bi Shufaa akashusha pumzi ndefu hadi leso ikamteleza begani. "Basi wa kuchapwa ni wewe," akamwambia bintiye, na Bi Zuhura akacheka huku machozi yakimtoka, nami nikacheka pia, kicheko kibaya, cha mtu aliyevutwa kutoka majini. Tukanywa kahawa. Ilikuwa imepoa.

Wakati huo ndipo nilipoiona simu ya Maryam, imelala mkekani karibu na sinia ya mchele. Ilikuwa ndogo, ya vibonyezo, si ya kugusa, na kioo kimepasuka pembeni.

Huenda alitumia ya mumewe. Huenda aliazima. Nilijiambia hivyo tukiwa tunaaga.

Alitusindikiza hadi dakani. Bi Zuhura alitangulia kushuka. Maryam akanishika kifundo cha mkono, hiki hiki kinachouma leo, akakibana.

"Zimetoka zote?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Zote."

"Utatazama kama hazijatokea mahali pengine?"

"Nitatazama."

"Kila siku."

"Mpaka lini, Maryam?"

"Mpaka nikwambie basi."

Akaniachia, akarudi kwenye mchele wake.

Bi Zuhura hakuifunga tovuti. Alikaa siku mbili, kisha akapaka mkono wake mwenyewe wa kushoto, ule mkono wa kizee wenye mishipa, maua kutoka ukuchani hadi kiwikoni, akaniambia nipige huo. Ikawa picha pekee ya tovuti nzima miaka yote aliyokuwa hai. Watu wa Maskati waliupenda kuliko mikono ya wasichana. Na kila alipokwenda kupamba, alikuwa wa kwanza kuitia simu yake kikapuni, akimwambia yule mwenye kikapu aitie chini kabisa, chini ya zote.

Katana alihamia Makupa, akafungua duka la kutengeneza kompyuta. Bado hunitania. Kuhusu daftari la seva hatujazungumza tena hata mara moja, ingawa kila nilipomtambulisha mwanafunzi mpya kwake, somo la kwanza alilompa lilikuwa ni folda tupu, kufuli na ukurasa mweupe.

Mwalimu wenu atasema nimewatisha. Nimewatisha. Mtajifunza rangi na maumbo haraka kuliko nilivyojifunza mimi, na jina la tovuti yenu hamtalingoja posta. Lakini siku mtu atakapowapa kadi yake imefungwa ndani ya leso, akawaambia hizi toa na hizi acha, chagueni kabla ya kupandisha. Kisicho cha barabarani kisitoke kwenye kompyuta yenu. Na mkishamaliza, ziandikeni anwani za folda zenu wenyewe, kama mtu mbaya angeziandika, muone mnafunguliwa nini.

Mwezi wa kuacha kazi niligawa wateja wangu wote. Paswadi niliwakabidhi wenyewe, kompyuta ya zamani nikampa binti wa shangazi. Jambo moja tu sikuweza kumkabidhi mtu. Kila asubuhi, kabla ya chai, naandika jina la Maryam na la babake kwenye simu yangu, natazama kurasa, natazama picha. Nimelifanya Lamu, nimelifanya Tanga, nimelifanya nikiwa na homa.

Yeye ana watoto wanne sasa. Wiki iliyopita tulikutana dukani kwa muuza viungo, amefunika uso, nikamjua kwa macho. Muuzaji alikuwa anapima hiliki. Maryam aliniinulia nyusi tu. Nami nikatikisa kichwa, hakuna. Akachukua hiliki yake, akaenda zake.

Bado hajaniambia basi. Leo asubuhi nimetazama.